Faili la CSV "limeharibika" kwenye Excel: dalili, chanzo na tiba

Malalamiko huja kwa sura moja: "Mfumo wenu umetoa ripoti mbovu." Mtu wa uhasibu ameshusha faili la CSV, amelibofya mara mbili, Excel imefunguka, na sasa namba za simu hazina sifuri, tarehe zimegeuka, majina yamejaa vialama vya ajabu. Mara nyingi mfumo hauna kosa lolote. CSV ni maandishi matupu, sehemu zake zikitenganishwa kwa mikato. Hakuna mahali ndani yake panaposema safuwima hii ni namba, ile ni tarehe na ile nyingine ni maandishi. Excel hukisia yenyewe bila kumuuliza mtu, na mtu huyo akisevu, makisio ndiyo yanakuwa data. Kwa hiyo kuna hatua mbili tofauti: kufungua, ambako kwa kawaida hakuharibu faili, na kusevu, ambako ndiko hasara inakotokea. Ukizitenganisha hizo mbili kichwani, nusu ya kazi imekwisha.

Kabla ya kutibu chochote

Mwambie aliyelalamika afunge Excel na akatae kusevu. Kisha lifungue faili kwa Notepad au VS Code. Kwenye Linux na Mac, `head -n 5 ripoti.csv` inatosha. Ukiiona 0712345678 pale na sifuri yake, faili ni zima na unatafuta tatizo kwenye ufunguzi. Sifuri isipokuwepo hata kwenye Notepad, ama mfumo wako umeila, ama faili limeshapita mikononi mwa mtu akalisevu.

Kuna namna nyepesi ya kujua lipi kati ya hayo. Excel ikisevu CSV huondoa alama za nukuu zote isizozihitaji. Kama programu yako hufunga kila sehemu kwa nukuu, na faili ulilotumiwa lina `712345678,Asha,Mwanza` bila nukuu hata moja, hilo si faili ulilotoa wewe. Omba la asili, au litoe upya kwenye mfumo. Usianze kurekebisha msimbo kabla ya hapo.

Namba za simu zimepoteza sifuri, au zinaonekana kama 2.55712E+11

Sifuri ya mwanzo hutoka kwa sababu Excel imeiona 0712345678 kuwa namba, na kwenye namba sifuri ya mbele haina maana. Hili linatibika hata baada ya kusevu, kwa kuwa unajua urefu unaotakiwa: kwa simu za mkononi za Tanzania na Kenya ni tarakimu tisa baada ya sifuri. `=TEXT(A2,"0000000000")` inairudisha.

Namba yenye msimbo wa nchi ni hatari zaidi, ingawa mwanzoni inaonekana nafuu. 255712345678 ina tarakimu 12, na seli ya mpangilio wa kawaida, «General», ikipata tarakimu 12 au zaidi huionyesha kwa mtindo wa kisayansi: 2.55712E+11. Hapo namba bado iko salama ndani ya seli. Ibofye utaiona nzima juu kwenye mstari wa fomula. Lakini Excel inapoandika CSV huandika kile kinachoonekana kwenye seli, si kilichomo. Faili jipya litakuwa na maandishi `2.55712E+11`, na ukilifungua tena utapata 255712000000. Wateja wote ambao namba zao zinaanza na 255712 sasa wana namba moja. Ukiona namba za simu zinazoishia na sifuri sita, usitafute dosari kwenye hifadhidata. Hakuna fomula ya kuzirudisha. Nenda kwenye chanzo.

Kama faili bado liko wazi na halijasevuliwa, chagua safuwima nzima, bonyeza Ctrl+1, chagua «Number», weka desimali 0, ndipo usevu. Kwa tarakimu 12 hii inaokoa.

Namba zenye vistari zina ugonjwa wake. +255-712-345-678 huanza na alama ya kujumlisha, na Excel huchukulia chochote kinachoanza na `=`, `+`, `-` au `@` kuwa fomula. Itatoa hesabu, na kwenye seli utaona -1480. Kwa njia hiyohiyo, maoni ya mteja yanayoanza na kistari, mfano `-hakuna`, hugeuka #NAME?. Hili usilichukulie kama usumbufu tu. Fomu yako ikimruhusu mtu yeyote kwenye intaneti aandike `=` mwanzoni mwa jina lake, na wewe ukalitoa hivyohivyo kwenye CSV, umempa nafasi ya kuendesha fomula kwenye kompyuta ya mhasibu. Tiba inayotumika ni kutanguliza alama ya `'` kabla ya sehemu yoyote inayoanza na herufi hizo nne, au na tabo, au na alama ya kurudi mwanzo wa mstari. Fanya hivyo wakati wa kutoa faili, si wakati wa kupokea fomu, la sivyo hifadhidata yako yenyewe itajaa vialama hivyo.

Namba ndefu imeishia na sifuri ambazo hazikuwepo

Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Za 16 na kuendelea huzigeuza sifuri papo hapo wakati wa kufungua, bila onyo. Namba ya kitambulisho cha NIDA, kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20. Ikiandikwa bila vistari imekwisha: 12345678901234567890 inakuwa 12345678901234500000. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo kinacholiwa ni kile kipande cha mwisho kinachomtofautisha mtu na mwenzake. Mpangilio wa «Number» hausaidii hapa, kwa kuwa data yenyewe haipo tena ndani ya seli. Ikiandikwa na vistari vyake, 12345678-90123-45678-90, Excel huiacha kama maandishi. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutoondoa vistari wakati wa kutoa ripoti.

Zihesabu sifuri za mwisho kabla ya kumlaumu yeyote. Zikiwa tano kwenye namba ya tarakimu 20, ni Excel. Zikiwa tatu, yaani 12345678901234567000, mkosaji ni JavaScript: namba zake ni za desimali za biti 64, na namba kamili hubaki sahihi hadi 9007199254740991 tu. Maana yake seva yako imetuma kitambulisho kwenye JSON, muundo wa maandishi wa kupitishia data, bila nukuu, na kivinjari kikakivuruga kabla ya Excel kuhusika. Kitume kama maandishi.

Kuna ndugu wawili wa tatizo hili wanaotoka upande wa programu. Namba za simu zikija na `.0` mwishoni, mfano 712345678.0, faili limepita kwenye pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data: safuwima ya namba kamili ikiwa na seli tupu hata moja, pandas huigeuza yote kuwa ya desimali. Soma kwa `pd.read_csv(faili, dtype=str, keep_default_na=False)`. Sehemu ya pili ya amri hiyo ina maana yake, kwani bila hiyo maandishi "NA", ambayo ndiyo msimbo wa nchi wa Namibia, husomwa kuwa pengo. Na ukikuta wateja wengi wana namba ya simu 2147483647, mtu aliitangaza safuwima kuwa INT, yaani namba kamili, kwenye hifadhidata ya MySQL, na hali ya ukali (strict mode), inayokataa namba zilizozidi, ilikuwa imezimwa. Huo ndio ukomo wa INT, na kila namba iliyouzidi ilibanwa hapo. Simu, kitambulisho, TIN na namba ya akaunti si namba za kukokotoa. Zote ni VARCHAR, yaani maandishi.

Tarehe nyingine ziko kulia mwa seli, nyingine kushoto

Hii ndiyo dalili ya thamani kuliko zote, na wengi huipita bila kuitazama. Excel husukuma tarehe na namba kulia, maandishi kushoto. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu huja na mipangilio ya Marekani, mwezi kwanza, nasi tunaandika siku kwanza. Faili likiwa na 03/04/2024, Excel inasoma tarehe 4 Machi na kuisukuma kulia. Likiwa na 13/04/2024, hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo inaiacha kama maandishi, kushoto. Mtu hutazama za kushoto akadhani ndizo mbovu. Zile za kushoto ndizo nzima. Za kulia ndizo zimegeuzwa.

Kama faili la asili halipatikani tena, fomula hii hurekebisha pande zote mbili, ilimradi maandishi yawe ya muundo wa 13/04/2024:

`=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))`

Itumie mara moja tu, tena kwa faili ambalo una hakika liligeuzwa. Ukiitumia kwenye faili ambalo halikugeuzwa utazivuruga tarehe zilizokuwa sahihi. Kwa ripoti za baadaye, toa tarehe kwa mtindo wa 2024-04-03. Excel inausoma vilevile popote, na ukipanga kwa alfabeti unapangika kwa tarehe.

Tarehe ikionekana kama 45385, haijaharibika. Hiyo ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900, na 45385 ni 3 Aprili 2024. Badilisha mpangilio wa seli tu. Ukiikokotoa mwenyewe ndani ya programu, kumbuka kwamba Excel huuhesabu 1900 kuwa mwaka mrefu, kosa lililoachwa makusudi ili kwenda sawa na Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya lahajedwali. Kwa hiyo kwa tarehe za kuanzia Machi 1900, siku ya sifuri ichukue kuwa 30 Desemba 1899. Tarehe zote zikitofautiana kwa siku 1,462, faili moja linatumia kalenda ya 1904, ambayo ilikuwa kawaida kwenye Excel za zamani za Mac.

Vitu visivyo tarehe navyo hugeuzwa tarehe. Saizi ya nguo 10-12, kiwanja 3/4, darasa 5-1, vyote vinaingia mtegoni. Msimbo wa bidhaa kama 12E5 unakuwa 1200000. Wanasayansi wa jeni walisumbuka na hili kwa miaka hadi mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilipotangaza mwongozo mpya: MARCH1 iliitwa MARCHF1, na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Microsoft iliongeza swichi za kuzuia ugeuzaji mwaka 2023. Kwenye Excel mpya ziko «File», «Options», «Data», sehemu ya «Automatic Data Conversion». Zima zote nne: ya sifuri za mbele, ya tarakimu 15, ya herufi E na ya tarehe. Ni mpangilio wa kompyuta moja tu, kwa hiyo hauondoi wajibu wako wewe unayetoa faili.

Majina yamejaa vialama: Ng’ang’a, Désiré, �

Umbo la uchafu hukuambia kilichotokea, kwa hiyo lisome kabla ya kulifuta.

`Ng’ang’a` maana yake faili ni la UTF-8 lakini limesomwa kwa Windows-1252; hizo ni njia mbili tofauti za usimbaji, yaani za kugeuza herufi kuwa baiti. Kinachojificha pale ni kibainishi kilichopinda, ’, ambacho kwenye UTF-8 ni baiti tatu: E2 80 99. Kila baiti ikisomwa peke yake unapata â, € na ™. `Désiré`, badala ya Désiré, ni kosa hilohilo, na hulikuta sana kwenye orodha za majina ya Kongo na Burundi. Ukiona `Désiré`, kosa limerudiwa: mtu alisevu uchafu wa kwanza kama UTF-8, kisha ukasomwa vibaya tena. Alama ya `�` ni kinyume chake, faili la Windows-1252 limesomwa kama UTF-8. Lisome upya kwa usimbaji sahihi, mradi hakuna aliyelisevu hivyo. Na ukiona `?` ya kawaida katikati ya jina, herufi imeshatupwa.

Excel ikibofywa mara mbili haijui kuwa faili ni UTF-8 mpaka ikute baiti tatu mwanzoni, EF BB BF, ziitwazo BOM. Kwenye Python ni neno moja tu: `open("ripoti.csv", "w", encoding="utf-8-sig", newline="")`. Usiisahau `newline=""`; bila hiyo, kwenye Windows kila mstari utafuatwa na mstari mtupu. Upande wa kusoma pia tumia `utf-8-sig`, la sivyo jina la safuwima ya kwanza litabeba herufi isiyoonekana na programu itadai kwamba safuwima hiyo haipo, ilhali unaitazama.

Data iliyokwisha kuchafuka mara moja hurudishwa kwa `s.encode("cp1252").decode("utf-8")`, iliyochafuka mara mbili, rudia amri. Itagoma ikikuta nukuu ya kufunga iliyopinda, ”, kwa kuwa baiti yake ya mwisho, 9D, haimo kwenye cp1252 ya Python. Maktaba ya Python iitwayo ftfy inashughulikia hizo.

Kibainishi chenyewe kinastahili uangalifu hata baada ya usimbaji kutengemaa. Kwa mashine, ng' ya kibodi ya kompyuta, U+0027, si ng’ ya simu inayojipindisha yenyewe, U+2019. Jina moja linaingia mara mbili, VLOOKUP inasema halipo, na mteja anaambiwa hajasajiliwa. Amua umbo moja, geuza yote kuwa hilo wakati wa kupokea, na ukitafuta ligeuze neno la kutafutia vilevile. Na kama jina hilo huangusha hoja yako ya SQL, yaani amri inayotumwa kwenye hifadhidata, kwa kosa la sintaksia, usilitoroke kwa kufuta kibainishi. Hoja imeunganishwa kwa maandishi badala ya vigezo, na mlango uko wazi kwa yeyote mwenye nia mbaya.

Kila kitu kimejazana safuwima A

Windows ina kitenganishi chake cha orodha, na kwenye mipangilio ya Kifaransa au Kijerumani, ambako mkato ndio alama ya desimali, kitenganishi hicho ni nukta mkato. Ofisi ya Bujumbura inayotumia Windows ya Kifaransa ikifungua CSV yako ya mikato itaona mstari mzima kwenye seli moja. Kwenye mipangilio hiyohiyo kuna hatari kubwa kuliko hiyo: kiasi cha 1,500 kinasomwa kuwa moja na nusu. Usitoe namba zenye vitenganishi vya maelfu kabisa.

Mstari wa kwanza ukiwa `sep=;` Excel huufuata, lakini programu nyingine zitauona kuwa data, na haupatani vizuri na BOM. Mtu mwenye faili mkononi afanye hivi: afungue Excel tupu, aende «Data», «From Text/CSV», achague faili, kwenye «File Origin» aweke 65001: Unicode (UTF-8), achague kitenganishi, na kwenye «Data Type Detection» achague «Do not detect data types». Hiyo ya mwisho ndiyo inayookoa sifuri, vitambulisho na tarehe kwa mpigo mmoja. LibreOffice Calc huonyesha dirisha la namna hii kila inapofungua CSV, na kwa kazi ya kukagua faili ni chombo bora kuliko Excel. Kwenye Google Sheets, pitia «File», «Import», na uondoe tiki inayogeuza maandishi kuwa namba, tarehe na fomula.

Ujumbe wa SYLK

Faili likianza na herufi kubwa ID, Excel hulidhania kuwa la muundo wa zamani uitwao SYLK na kulalamika. Andika `id`, au funga kichwa cha safuwima kwa nukuu.

Mistari imepungua

Karatasi ya Excel ina mistari 1,048,576, na ya muundo wa zamani wa .xls ina 65,536. Inayozidi haiingii. Mwaka 2020 nchini Uingereza, matokeo ya vipimo vya korona yalikuwa yakihamishwa kutoka CSV kwenda .xls, na visa 15,841 vya kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba vikaachwa nje ya takwimu za kila siku. Waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Hesabu mistari ya faili kwa programu, kisha ulinganishe na iliyopo kwenye karatasi. Zikitofautiana kidogo tu, chunguza kwanza sehemu zenye mistari mingi ndani yake, kama vile anwani: sehemu yenye mkato, nukuu au mstari mpya lazima ifungwe kwa nukuu, na nukuu ya ndani iandikwe mara mbili. Yeyote anayeunganisha CSV kwa `",".join(...)` atakutana na hili. Tumia moduli ya csv ya Python.

Ukiwa wewe ndiye unayetoa faili

Kama unajua kwamba mpokeaji ni mtu na atalibofya mara mbili, usimpe CSV. Mpe .xlsx, ambamo aina ya kila seli imeandikwa ndani ya faili lenyewe. Kwa openpyxl, maktaba ya Python ya kuandika .xlsx, thamani ya simu iwe `str`, na seli ipewe `number_format = "@"`, ili hata akiihariri ibaki maandishi. Tarehe iweke kama `date` halisi. Ujanja wa `="0712345678"` ndani ya CSV hufanya kazi kwenye Excel, lakini mfumo wowote mwingine utakaosoma faili hilo utapata alama ya usawa na nukuu ndani ya namba ya simu. CSV ibaki kwa mashine na mashine.

Weka kwenye majaribio yako mstari mmoja wenye simu 0712345678, kitambulisho cha tarakimu 20, tarehe 2024-04-03, jina lenye ng’, jina lenye é, maoni yanayoanza na kistari, anwani yenye mkato na mistari miwili, na saizi 10-12. Utoe, ufungue kwa kubofya mara mbili kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Marekani, sevu, funga, fungua tena, kisha linganisha na asili sehemu kwa sehemu.